Senna alivyopikwa kabla ya Langalanga

Marehemu Ayrton Senna hakuingia mbio za Langalanga akiwa mbichi. Mzaliwa huyo wa São Paulo, Brazil, alianza utotoni na vigari vidogo vya mashindano. Aliposhindwa mbio za mvua, akawa anafanya mazoezi kila iliponyesha. Mwaka 1981 alihamia Uingereza, akatwaa mataji ya Formula Ford, kisha 1983 akambwaga Martin Brundle katika Formula 3.

Matunda yalionekana 1984 mjini Monaco. Akiwa na gari hafifu la Toleman, alianza wa 13 na kumaliza wa pili kwenye mvua kubwa. Alikuwa bingwa wa dunia 1988, 1990 na 1991. Alifariki ajalini Imola, Italia, Mei 1, 1994.