Vavilov: Mlinzi wa mbegu aliyekufa kwa njaa

Katika soko la Rodi Kopany, Homa Bay, njugu karanga hupimwa kwa gorogoro. Ukitia mkono guniani utaona punje nyekundu na za kahawia, nene na nyembamba. Wanunuzi wengi huuliza bei tu. Lakini palikuwa na mtu aliyeziona tofauti za namna hiyo kuwa akiba ya chakula cha ulimwengu.

Mtu huyo ni Nikolai Vavilov, aliyezaliwa Moscow tarehe 25 Novemba 1887. Alipokuwa mtoto wa miaka minne, Urusi ilikumbwa na njaa kubwa. Alisomea kilimo, kisha akaenda Uingereza kujifunza elimu ya urithi wa viumbe kwa William Bateson.

Mafundisho yake yalikuwa mepesi kueleweka. Mtu akitaka karanga zenye maganda mengi kila shina, punje nzito, mafuta mengi na kukomaa mapema, hana budi kuchagua. Na penye mimea inayofanana yote, hapana la kuchagua. Tena tofauti inayofaa ni ile ya urithi. Shina lililonenepa kwa sababu liliota penye samadi halirithishi unono huo.

Kwa hiyo Vavilov akaenda kutafuta tofauti hizo. Mwaka 1926 alichapisha maelezo ya sehemu ambako mazao yalianzia, na mwaka uliofuata akazunguka Ethiopia na msafara wa nyumbu, akirudi na maelfu ya mifuko ya mbegu. Ethiopia ndiko asili ya nugi, mbegu ndogo nyeusi ya mafuta. Kufikia 1940 ghala la Leningrad lilikuwa na aina za mbegu zipatazo 250,000.

Lakini palizuka mpinzani, Trofim Lysenko, aliyekana elimu ya urithi na kupendwa na Stalin. Vavilov hakukubali kuikana elimu yake. Alikamatwa Agosti 1940, akahukumiwa kifo mwaka 1941, kisha adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha miaka 20. Alifia gerezani Saratov tarehe 26 Januari 1943, amedhoofika kwa njaa. Alisafishwa jina mwaka 1955.

Wakati huo huo majeshi ya Wajerumani yalikuwa yameuzingira mji wa Leningrad. Watunzaji wa ghala walikufa njaa wamezungukwa na nafaka. Alexander Shchukin, aliyetunza njugu karanga, alifia mezani pake. Hawakuzila mbegu hizo.

Je, faida yake ni nini kwetu? Mkulima wa Afrika aujua ugonjwa unaoenezwa na vidukari, ambao hudumaza karanga na kuyakunja majani. Mwaka 1952 ugonjwa huo uliharibu mashamba ya majaribio nchini Senegal, lakini mimea michache ikasalimika. Mbegu zake zilitoka mpakani mwa Ivory Coast na Burkina Faso. Kama zingalitupwa kwa kuwa hazikuzaa sana, wataalamu wangalianzia wapi?

Basi mama wa Rodi Kopany anayetenga debe moja la mbegu, asilikaange hata watoto wakililia katika miezi ya njaa, anaijua vizuri njia aliyoipita Shchukin.