Amiri Abdulkadir na Nishani za Adui

Katika picha zake mashuhuri, Amiri Abdulkadir wa Aljeria amevaa vazi jeupe la Kimaghribi, na nishani zimejaa kifuani. Kubwa katika hizo ni Légion d'honneur ya Ufaransa. Yawaje basi ghazi aliyepigana na Wafaransa miaka 15 avae nishani yao? Suali hili nimelisikia mara nyingi barazani.

Alizaliwa mwaka 1808 karibu na Muaskar, katika nyumba ya elimu na tarika ya Kadiria. Alihifadhi Kurani, akahiji pamoja na babake. Makabila yalimpa baia mwaka 1832, angali kijana. Wafaransa walilazimika kufanya naye mapatano mara mbili, 1834 na 1837, na yote yakavunjika. Kisha Jenerali Bugeaud akaamuru mashamba yachomwe na mifugo iporwe, hata raia wakadhikika mno. Disemba 1847 Amiri aliweka silaha chini, kwa ahadi kwamba atapelekwa Iskandaria au Akka. Wapi! Walimfunga Ufaransa hadi 1852: Toulon, Pau, kisha Amboise, ambako zaidi ya watu wake 20, na watoto wamo, wamezikwa katika bustani ya ngome. Kwangu mimi uchungu wa kisa hiki uko hapo, kuliko vitani.

Alipoachiliwa alikwenda Bursa, na mwaka 1855 akahamia Dameski, akawa anasomesha. Julai 1860 fitina iliyowaka Lebanon iliingia mjini, Wakristo wakauawa kwa maelfu. Amiri alitoka na Waaljeria wake wenye silaha, akawakusanya waliokuwa wakikimbia, makonsuli wa Ulaya miongoni mwao, akawahifadhi nyumbani kwake. Makundi yalipofika mlangoni kuwadai, aliwakatalia. Kwake yeye hiyo ilikuwa hukumu ya sharia, wala hakuhitaji kushauriwa na mtu.

Ndipo nishani zilipomiminika: Ufaransa, Urusi, Ugiriki, Papa Pius wa Tisa, na Sultani wa Uthmania. Rais Lincoln wa Marekani alimpelekea bastola mbili.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, anayedhani nishani ile ilikuwa ujira wa kusalimu amri aitazame tarehe yake. Ilikuja miaka 13 baada ya vita, kutoka kwa dola ile ile iliyomvunjia ahadi, nayo ilikuja kwa sababu ya roho alizoziokoa.

Alifariki Dameski Mei 1883, akazikwa kando ya Sheikh Ibn Arabi. Mwaka 1966 Aljeria iliyokwisha kuwa huru iliyarudisha mabaki yake nyumbani, akazikwa El Alia, mjini Algiers.