Archibald McIndoe, daktari wa walioungua na petroli

GIHOSHA, BUJUMBURA – Kila mafuta yanapoadimika Burundi, nyumba nyingi za Gihosha hugeuka bohari ndogo. Madumu ya manjano ya lita 20 hupangwa nyuma ya mlango au chini ya ngazi, wakati mwingine hatua chache tu kutoka lilipo jiko la makaa. Mengine yametoka Uvira kupitia Gatumba, mengine Tanzania. Mwenye jenereta huweka akiba kwa ajili ya usiku ambao umeme wa Regideso hautarudi, na mwenye pikipiki huweka kwa ajili ya abiria wa asubuhi. Petroli ni mali, na mali hulala ndani na mwenyewe.

Hatari yake wafanyabiashara wa mipakani wanaijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu barabara wanazopita zina makaburi yake. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, kwenye barabara ya Uvira kwenda Bukavu. Watu wakakimbilia kuchota, moto ukawaka, na zaidi ya watu 230 wakafa. Tarehe 10 Agosti 2019 yakatokea yaleyale Msamvu, Morogoro, na waliokufa wakazidi 100. Waliofariki walihesabiwa na kuzikwa. Waliobaki hai, wakiwa na vidole vilivyogandamana na uso usiotambulika hata na watoto wao, huzungumziwa mara chache sana.

Kuna daktari mmoja ambaye sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi aliitumia kwa watu wa namna hiyo, na shamba lake lilikuwa Tanganyika, chini ya Kilimanjaro. Jina lake ni Archibald McIndoe.

Alizaliwa tarehe 4 Mei 1900 katika mji wa Dunedin, New Zealand. Baba yake, John, alikuwa mpiga chapa. Mama yake, Mabel Hill, alikuwa mchoraji wa picha, na wapo wanaoamini kwamba mkono wa mama ndio uliompa mwana jicho la kupima sura ya mtu. Baba alifariki Archibald akiwa bado kijana. Akasomea udaktari Otago, na mwaka 1924 akapata nafasi ya masomo katika hospitali ya Mayo, Marekani. Nafasi ile ilikuwa ya mtu asiyeoa, naye ndiyo kwanza amemuoa Adonia Aitken. Wakakubaliana kuificha ndoa. Bwana akapanda meli peke yake, na bibi akamfuata baada ya kama mwaka mmoja, siri ilipokuwa haifichiki tena. Mtu aliyeanza maisha ya kikazi kwa kuupinda mstari wa fomu hakuja kuwa mtumwa wa kanuni baadaye.

Alifika London mwaka 1930 akiwa na ahadi za watu wakubwa na hana kazi. Aliyemwokoa ni ndugu yake wa ukoo, Harold Gillies, daktari aliyekuwa amepata sifa katika Vita Kuu ya Kwanza kwa kutengeneza upya nyuso za askari waliopigwa risasi na vipande vya mabomu. Kwake ndiko McIndoe alikojifunza kazi iliyobeba jina lake.

Inafaa kueleza kazi yenyewe ilivyokuwa, maana haikuwa uchawi. Pua ya mtu haisimami kwa ngozi. Inasimamishwa na gegedu, ile tishu ngumu kiasi lakini inayopinda ambayo kila mtu anaweza kuishika katika sikio lake. Pua ikiliwa na moto au kupasuliwa na chuma, daktari hukata kipande cha gegedu ya mbavu za mgonjwa mwenyewe, akakichonga kwa kisu kama seremala anavyochonga mpini, akakiweka mahali pa daraja la pua, kisha akakifunika kwa ngozi. Gegedu haina mishipa ya damu ndani yake. Hiyo ndiyo sababu huvumilia kuhamishwa, kwa kuwa haihitaji damu nyingi ili iendelee kuishi. Na hiyohiyo ndiyo sababu ikichubuka au kulika haijiponyi, jambo ambalo mbeba mizigo wa mpakani hulijua kwa magoti yake.

Ngozi nayo ilikuwa na safari yake. Kipande cha ngozi ya tumbo au kifua kilikatwa bila kuondolewa kabisa, kikaviringishwa kama mrija, upande mmoja ukabaki ulipo ili uendelee kupata damu, na upande wa pili ukashonwa mkononi au usoni. Mgonjwa alikaa wiki kadhaa akiwa na mkonga kama wa tembo. Damu ya mahali papya ilipokwisha kuingia, upande wa kwanza ulikatwa. Kosa dogo la mshono, au uchafu kidogo, na kazi ya mwezi mzima inaoza.

Mwaka 1938 McIndoe aliteuliwa kuwa mshauri wa Jeshi la Anga la Uingereza. Vita vilipoanza mwaka uliofuata, nchi nzima ilikuwa na madaktari wanne tu waliofanya upasuaji wa namna hii kama kazi yao kamili. Yeye alipelekwa hospitali ya Queen Victoria katika mji mdogo wa East Grinstead, kusini mwa London.

Katika majira ya joto ya 1940 wagonjwa wakaanza kumiminika. Ndege za kivita za wakati ule, kama Hurricane na Spitfire, zilikuwa na tangi la petroli mbele ya rubani, karibu kabisa na miguu na uso wake. Risasi ikilipata, moto humrudia yeye. Vijana wengi walikuwa wamevua glavu ili washike vizuri, au wamesukuma miwani juu ili waone. Waliruka kwa mwavuli ndani ya sekunde chache, wakafika chini wakiwa hai, hawana kope na mikono imeiva.

Dawa iliyokuwa ikiaminiwa na hospitali nyingi ilikuwa asidi ya tanini, jamii ya vitu vinavyogeuza ngozi ya ng'ombe kuwa ngozi ya viatu. Ilipakwa juu ya kidonda, ikakauka na kuwa gamba gumu. Kwa kidonda kidogo cha jikoni huenda haikuleta madhara makubwa. Kwa mikono na macho ya marubani ilikuwa maafa: gamba lilikunja vidole vikabaki vimejifunga, likavuta kope hata macho yakawa hayafungi, na chini yake usaha ukajikusanya.

McIndoe aliona jambo ambalo wengine walilipita. Marubani walioangukia baharini vidonda vyao vilikuwa safi na laini kuliko vya wale walioangukia nchi kavu. Akaacha tanini, akaweka bafu za maji ya chumvi yenye joto la mwili, wagonjwa wakawa wanalowekwa humo kila siku. Bandeji zililegea bila kung'oa ngozi, vidole vikaanza kujongea. Akawasukuma wakubwa wa tiba ya jeshi mpaka tanini ikaachwa kwa majeraha ya uso na mikono. Haikuwa rahisi, kwani alikuwa akiwaambia wakubwa wenzake kwamba wanawalemaza watu.

Hapa pana jambo linalostahili kukaa vichwani Gihosha na Uvira. Hadi leo watu hupaka jeraha la moto dawa ya meno, mafuta ya kupikia, unga, hata majivu. Kila kimoja kati ya hivyo hufanya kazi ya ile tanini: hufunika, hugandamana, huficha uchafu, na nesi atalazimika kukikwangua. Yanayotakiwa saa ileile ni maji safi ya kawaida, yasiyo ya barafu, yatiririke juu ya jeraha kwa dakika kama 20, pete na saa zivuliwe kabla mkono haujavimba, kisha safari ya hospitali. Bafu za chumvi za McIndoe zilikuwa za wodini, chini ya macho ya wauguzi. Si za kujaribia nyumbani.

Lakini lililomtofautisha zaidi halikuwa maji. Wodi namba 3, kibanda cha mbao nyuma ya hospitali, haikufanana na wodi nyingine. Palikuwa na pipa la bia. Wagonjwa walivaa sare zao za jeshi badala ya nguo za wagonjwa, na ofisa na askari wa kawaida walilala vitanda jirani. Mtu aliyekuwa akirudi kwenye meza ya upasuaji mara kumi, ishirini au zaidi, kwa miaka kadhaa, asingeweza kuishi kama mfungwa. McIndoe akaenda kuzungumza na wenyeji wa mji, akawaomba wawaalike vijana wake majumbani na wasiwakodolee macho wala kuwakwepa barabarani. Mji ukakubali. Waliungua wakawa wanaingia dukani, wanakunywa na kucheza dansi, na baadhi wakaoa hapohapo.

Mwaka 1941 wagonjwa wakaunda chama chao na kukiita kwa jina la simbilisi, wale wanyama wadogo wanaofugwa sana Kivu, ambao maabara za Ulaya huwafanyia majaribio. Ndivyo walivyojiona, watu wa kujaribiwa. Katibu walimchagua mwenye vidole vilivyoungua ili asiandike barua nyingi, na mweka hazina mwenye miguu iliyoungua ili asikimbie na fedha. Vikundi vya kuweka na kukopa vya sokoni vingeuelewa utani huo mara moja. Vita vilipokwisha, chama kilikuwa na wanachama 649.

Asichorwe kama malaika. Alikuwa mkali, mwenye kujisikia, na wasaidizi wake walimwogopa. Wauguzi wa Wodi namba 3 walivumilia mengi kutoka kwa vijana wale, na mkubwa wao mara nyingi aliwatetea wagonjwa. Baada ya vita alipewa heshima ya Sir, mwaka 1947, na kliniki yake binafsi ikawa mahali pa matajiri waliotaka pua nzuri zaidi. Alipata fedha, na alizipenda. Ndoa yake na Adonia, ile iliyoanza kwa siri, ikavunjika. Mwaka 1954 akamuoa Constance Belchem.

Sehemu ya fedha hizo ndiyo iliyomleta Afrika Mashariki. Alizoea kuja mara kwa mara, akanunua shamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Ilikuwa ni miaka ileile ambayo mashamba ya walowezi yalikuwa donda kwa wenyeji. Mwaka 1952 Wameru walimtuma Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa kulalamika kwamba wameondolewa Ngare Nanyuki. McIndoe alikuwa upande wa wenye mashamba. Hilo ni kweli, na linalofuata nalo ni kweli.

Mwaka 1956 walikutana shambani hapo madaktari watatu: yeye, Michael Wood na Mmarekani Thomas Rees, wote wawili wakiwa wamejifunza kazi kwake. Wood alikuwa akifanya upasuaji Nairobi na alikuwa ameona watu wanavyofika: siku nyingi njiani, jeraha limeoza, mkono umekwisha kukunjamana. Kwa hesabu waliyoitaja, Afrika Mashariki ilikuwa na daktari mmoja kwa kila watu 30,000. Wazo lao lilikuwa kama la mfanyabiashara yeyote aliyechoka kungoja wateja: kama mgonjwa hawezi kulifikia duka, duka limfuate. Wakapanga kutumia ndege ndogo na redio. Mwaka 1957 ikaanzishwa huduma ya Madaktari Warukao, iliyokuja kujulikana kama AMREF. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtandao wa redio ukaanza kuunganisha hospitali za misheni za mbali na Nairobi, na hadi leo ndege za huduma hiyo huondoka uwanja wa Wilson kuvuka mipaka ya nchi za ukanda huu.

McIndoe hakuyaona mengi ya hayo. Alifariki usingizini London tarehe 11 Aprili 1960, akiwa na miaka 59. Majivu yake yalizikwa katika kanisa la St Clement Danes, kanisa la Jeshi la Anga, heshima isiyo ya kawaida kwa mtu ambaye hakuwa askari.

Mwaka uliofuata kikafunguliwa East Grinstead kituo cha utafiti wa kupandikiza viungo na kuponya majeraha, chenye jina lake. Ile gegedu aliyokuwa akiichonga kwa kisu nayo imepata njia nyingine. Mwaka 1994 madaktari wa Gothenburg, Sweden, walitangaza kwamba wamechukua chembe hai za gegedu ya goti la mgonjwa, wakazikuza maabara mpaka zikaongezeka, kisha wakazirudisha palepale palipolika. Tangu hapo maabara kadhaa duniani zimekuwa zikijaribu kukuza umbo zima, la sikio au pua, ili mgonjwa asikatwe ubavu. Tiba hizo ni ghali mno, na aliyeungua Sange au Morogoro bado anategemea kisu, uzi na mkono wa daktari.

East Grinstead iliweka sanamu yake mwaka 2014. Mchongaji, Martin Jennings, ni mtoto wa askari wa vifaru aliyeungua vitani mwaka 1944 na kutibiwa na McIndoe. Amemchonga daktari akiwa amesimama, mikono juu ya mabega ya rubani aliyeketi. Vidole vya rubani vimekunjamana, na uso wake ameugeuzia upande.