FUNDI WA MISHIPA YA DAMU

Mama yangu ni fundi cherehani pale sokoni. Mwaka jana babu alikatwa mguu kwa sababu kisukari kiliharibu mishipa, damu ikawa haifiki chini. Nikajiuliza, mbona mshipa usishonwe kama nguo? Mwalimu wa Biolojia akaniambia nisome habari za Alexis Carrel.

Carrel alizaliwa mwaka 1873 karibu na Lyon, Ufaransa, mji uliosifika kwa hariri. Mwaka 1894 alikuwa kijana anayesomea udaktari Rais Sadi Carnot alipodungwa kisu mjini humo. Mshipa mkubwa wa tumboni ulikatika, madaktari wasiweze kuushona, rais akafa. Carrel hakutulia. Alimwendea mwanamke mdarizi akafunzwa kutumia sindano nyembamba na uzi wa hariri. Hebu fikirieni, daktari kufunzwa na mdarizi!

Mwaka 1902 alitangaza njia yake. Aliweka nyuzi tatu kwenye mdomo wa mshipa, akazivuta mpaka duara likawa pembetatu, kisha akashona kila upande. Uzi aliupaka vaselini, akachunga sana asichubue bitana ya ndani, maana ikichubuka damu huganda. Baadaye alihamia Marekani, na mwaka 1912 akapewa Tuzo ya Nobel. Hata leo, figo haipandikizwi bila kushona mishipa.

Lakini sitamsifu tu. Katika kitabu chake cha mwaka 1935 alipendekeza wahalifu fulani, wakiwemo wenye maradhi ya akili, wauawe kwa gesi. Hilo lilinitia uchungu, nusura niache kuandika. Alifariki Paris mwaka 1944. Hata hivyo, Mgala muue na haki yake umpe.

Je, babu? Mwaka 1997 watafiti walitangaza kuwa damu ya mtu mzima ina seli changa zinazoweza kukua zikawa bitana ile ile ya mishipa. Wengine walibisha, wakaonyesha kuwa nyingi kati yake husaidia ukarabati tu, hazigeuki bitana. Majaribio ya kuotesha mishipa mipya miguuni kwa seli yamefanyika, ila bado si tiba ya kawaida.

Mguu wa babu hautarudi, najua. Lakini Biolojia siiachi ng'o! Na jioni, macho ya mama yakichoka, mimi ndiye humtilia uzi sindanoni.