Mei Lanfang na masharubu yake

Mara hii tunawaletea maisha ya mtu wa inchi ya China, Mei Lanfang. Alizaliwa Beijing mwaka wa 1894. Kazi yake ilikuwa opera ya Beijing, na mule ndani kazi yake ilikuwa kucheza mwanamke.

Tueleze kwanza. Katika opera ile mchezaji hawi leo mfalme, kesho mchekeshaji. Anafundishwa aina moja tangu utoto, na mara nyingi anazeeka nayo. Sheng ni wanaume, wazee wenye ndevu ndefu na vijana vilevile. Dan ni wanawake. Jing ni wale wa uso mzima kupakwa rangi: nyekundu ni mtu mwaminifu, nyeupe ni mtu wa hila. Chou ndiye mchekeshaji, yeye anapakwa kidoa cheupe puani tu. Siku zile mjini Beijing wanawake hawakuruhusiwa kucheza jukwaani pamoja na wanaume, basi dan walikuwa wanaume. Sisi tunacheka sana mvulana akivaa kikwembe katika mchezo wa shule. Kule hakuna aliyecheka, maana ilikuwa ufundi wa miaka mingi: sauti nyembamba, mwendo, vidole, macho.

Babu yake, Mei Qiaoling, alikuwa dan wa sifa. Baba yake alikufa mapema, na baba mkubwa wake, mpiga zeze, akamlea. Alianza kujifunza akiwa na miaka 8, lakini mwalimu mmoja akamkataa akiona ni mzito. Na macho yake hayakuona mbali, kope zililala. Kumbe dan bila macho ni bure! Kijana akafuga njiwa, akawa anawafuata kwa macho huko juu wakiruka, kila siku, mpaka macho yakaamka.

Zamani dan wa kuimba alisimama kimya kama mke mwema, na msichana mchangamfu alichezwa na mtu mwingine, na mwanamke wa vita na mwingine tena. Mei alifuata njia ya Wang Yaoqing, akaunganisha hizo zote. Alipomcheza Yu Ji, mke wa mfalme aliyeshindwa vita, aliimba, akacheza ngoma ya panga mbili, kisha Yu Ji akajiua. Mwaka 1919 alikwenda Japani, 1930 Marekani, ambako vyuo vikuu viwili vilimpa heshima ya udaktari, na 1935 Moscow.

Kisha vita. Wajapani waliingia China kwa nguvu mwaka 1937, na mwaka uliofuata Mei akahamia Hong Kong. Desemba 1941 wakaikamata Hong Kong pia. Hapo akaacha masharubu yaote. Juu ya nini? Mchezaji wa sheng anavaa ndevu za bandia, lakini uso wa dan lazima uwe laini. Masharubu yale yalikuwa kama mwashi kutupa mwiko wake mtoni. Wajapani walimpenda tangu 1919 na walitaka awachezee. Tunafikiri kuimba kwake kungeonyesha watu kwamba mambo yote ni mazuri. Alikataa. Mwaka 1942 alirudi Shanghai, wakaendelea kumsumbua, mpaka siku moja akakubali kuchomwa sindano za chanjo ya tifoidi ili homa impande, wamkute kitandani kweli. Feza zikaisha. Akauza nyumba yake ya Beijing, akachora picha na kuziuza.

Tufahamu vizuri aliloweka hatarini. Alikuwa anakaribia miaka 50, na sauti ya dan isiyoimbwa inapotea. Na kweli ilipotea nusu. Wajapani waliposhindwa mwaka 1945 akanyoa masharubu, lakini sauti haikupanda tena mpaka pale zeze linapotaka. Basi akaanza na kunqu, opera ya zamani inayofuata filimbi, isiyodai sauti ya juu hivyo. Pole pole akarudia opera yake.

Mchezo wake mpya wa mwisho ulikuwa mwaka 1959: Mu Guiying, mwanamke mpiganaji aliyekaa nyumbani miaka mingi, kisha anaitwa tena kuongoza jeshi. Alikufa Beijing tarehe 8 Agosti 1961. Mtoto wake Mei Baojiu aliendelea na kazi ya dan mpaka kufa kwake mwaka 2016.