Mzee Tom Morris: Mtunza Nyasi Aliyekuwa Bingwa

Wako wenyeji wa Mombasa, hasa wale wanaocheza gofu katika uwanja ulio karibu na kivuko cha Likoni, ambao hutamani kufunga safari mpaka Uskoti wakavione viwanja vya kale ulikoanza kushindaniwa ubingwa wa mchezo huo. Safari hiyo si ya gharama ndogo, na mwenye kuipanga huuliza mengi: aende mwezi gani, ashukie mji gani, aanze na uwanja upi. Lakini liko swali moja linalofaa kutangulizwa. Viwanja hivyo vilipita mikononi mwa nani? Akilijua jibu lake, njia itakuwa imejichora yenyewe, kwani kutoka Prestwick mpaka Dornoch atakuwa akizifuata nyayo za mtu mmoja, Tom Morris, ambaye Waskoti walimwita Mzee Tom ili kumpambanua na mwanawe aliyechukua jina lake.

Na hata yule asiyewahi kushika fimbo ya gofu, bali huenda Mama Ngina jioni kupunga upepo chini ya mibuyu, ana faida ya kumjua mtu huyu.

Tom Morris alizaliwa tarehe 16 Juni 1821 katika mji wa St Andrews, mji mdogo wa pwani ya mashariki ya Uskoti, wenye wavuvi, chuo kikuu cha kale na magofu ya kanisa kubwa. Babake alikuwa mfumaji wa nguo, mtu wa kipato kidogo. Kando ya mji huo, baina ya bahari na mashamba, pana ardhi ya mchanga na nyasi fupi isiyofaa kulimwa. Upepo wa bahari umeifanya vilima na mabonde, na kondoo na sungura wamekula nyasi zake tangu dahari. Gofu ilikulia katika ardhi ya namna hii. Na jambo la kukumbuka ni kwamba kwa hati ya mwaka 1552, wenyeji wa mji walithibitishiwa haki yao ya kucheza hapo.

Alipokuwa kijana, Tom alitiwa kazini kwa Allan Robertson, fundi wa mipira na mchezaji aliyewashinda wote wa zama zake. Mipira ya siku hizo ilishonwa kwa ngozi na kushindiliwa manyoya ya bata bukini yaliyochemshwa. Ilikuwa kazi ya kuumiza kifua, na fundi hodari hakumaliza siku ila kwa mipira michache tu. Kwa hivyo bei yake ilikuwa ghali, na duka la Robertson likastawi. Mnamo mwaka 1848 ikaja mipira mipya, iliyofinyangwa kwa maji ya moto kutokana na utomvu mgumu wa miti ya nchi za Malaya, nayo ikauzwa rahisi. Robertson aliuona mpira huo kuwa adui wa riziki yake. Alipojua kuwa Tom ameuchezea, palizuka ugomvi, na watu wale wawili waliokuwa wakicheza upande mmoja wakatengana kazini. Sisi ambao tumeona mabati yakiondoa makuti, na injini ikiondoa tanga, twaweza kuwaelewa wote wawili.

Mwaka 1851 Tom akahamia Prestwick, pwani ya magharibi, pamoja na mkewe Agnes na mtoto wao mchanga. Huko alipewa kazi ya kutunza uwanja, akachora mashimo 12 katikati ya vilima vya mchanga. Robertson alipofariki mwaka 1859, pakawa hapana tena bingwa aliyekubaliwa na wote. Ndipo tarehe 17 Oktoba 1860 wachezaji 8 walipokutana Prestwick, wakauzunguka uwanja mara 3 kwa siku moja. Tom, aliyeuchora uwanja ule, alishindwa kwa mapigo 2 na Willie Park. Mwaka uliofuata akalipiza, kisha akashinda tena 1862, 1864 na 1867. Mwaka 1862 alimwacha aliyemfuatia kwa mapigo 13. Mwaka 1867 alikuwa na umri wa miaka 46, na hata leo hajapatikana mshindi wa mashindano hayo aliyemzidi umri. Prestwick iliyapokea mashindano hayo mara 24, mara ya mwisho ikiwa mwaka 1925, nayo ingali inafaa kuwa kituo cha kwanza cha msafiri.

Ubingwa haukumwondoa kazini. Mwaka 1865 St Andrews walimwita arudi kwao kuutunza uwanja wa mji, naye akaifanya kazi hiyo mpaka mwaka 1903. Hapo ndipo ulipo ustadi wake mkubwa zaidi. Zamani nyasi ziliachwa zijiotee zenyewe. Tom alifyeka vichaka, akapanua njia, na akafundisha kuwa nyasi za pwani hustawi zikinyunyiziwa mchanga. Shimo la mwisho la uwanja ule, la 18, hata leo lina jina lake, na duka lake lilikuwa ng'ambo ya barabara, karibu nalo.

Alikuwa mtu wa dini yake, mzee katika kanisa lake, na siku ya Jumapili uwanja ulifungwa. Aliona kuwa ardhi nayo ina haki ya kupumzika. Sisi, ambao maduka yetu ya Mji wa Kale hufungwa adhana ya Ijumaa inapolia, hatuwezi kuliona jambo hilo kuwa geni. Alikuwa pia na desturi ya kuoga baharini kila siku, hata wakati wa baridi kali.

Mwanawe, Tom mdogo, alimpita babake kwa ufundi. Mwaka 1868, akiwa na miaka 17, aliutwaa ubingwa kutoka mikononi mwa babake. Akashinda tena 1869 na 1870, na kwa kushinda mara 3 mfululizo akapewa kabisa ule mkanda wa ngozi nyekundu wenye mapambo ya fedha. Mwaka 1871 hapakuwa na mashindano kwa kukosekana tuzo ya kushindania. Yaliporudi mwaka 1872, mshindi alikuwa ni yeye tena.

Lakini dunia haimpi mtu upande mmoja tu. Septemba 1875 baba na mwana walikuwa North Berwick wakicheza na akina Park, ikaja telegramu kwamba mke wa Tom mdogo yuko katika uchungu wa uzazi na hali yake ni mbaya. Wakapewa chombo, wakavuka ghuba usiku. Walipofika St Andrews, mama na mtoto wote wawili walikuwa wamekwisha kufa. Tarehe 25 Desemba mwaka huo huo, Tom mdogo naye akafariki akiwa na miaka 24. Mwaka 1876 akafa Agnes, mke wa Mzee Tom. Baadaye wakafuatia watoto wake wengine, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwaka 1906 alipomzika wa mwisho. Mzee alibaki peke yake, na kila asubuhi akautazama uwanja wake. Yeye hakuwa wa dini yetu, lakini subira ni subira popote uionapo.

Katika miaka hiyo ya majonzi ndipo alipofanya safari zake nyingi. Alikwenda kwa reli na kwa meli, ujira wake, kama isimuliwavyo, ukiwa pauni 1 kwa siku na nauli, akipita katika mchanga na vigingi mkononi kuonyesha mahali pa kila shimo. Mwaka 1886 alifika Dornoch, kaskazini ya mbali. Mwaka 1889 alivuka kwenda Ireland, akachora uwanja wa County Down. Mwaka 1891 akachora Muirfield, na mwaka uliofuata ubingwa ukashindaniwa hapo. Carnoustie nako aliwahi kuupanua uwanja wao.

Kwa maisha yake yote alikuwa mtumishi wa mabwana. Klabu kubwa ya St Andrews ilimlipa mshahara, lakini hakuwa mwanachama wake. Alipostaafu walimchorea picha, wakaitundika ndani ya jumba lao. Tarehe 24 Mei 1908 alianguka katika ngazi za klabu nyingine mjini humo, akafariki, zikiwa zimebaki wiki chache atimize miaka 87. Kaburi lake liko katika magofu ya lile kanisa kubwa, karibu na mwanawe.

Mombasa ilipata klabu yake ya gofu mwaka 1911, miaka 3 baada ya kifo chake, ikiwa na uwanja wa mashimo 9 juu ya majabali ya bahari. Katika enzi hizo za ukoloni, kijana wa hapa aliingia viwanja vya namna hiyo kumbebea mwingine fimbo zake. Huko St Andrews mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 1894, Mzee Tom akiwa hai, sheria ya Bunge iliurudisha uwanja mikononi mwa mji, na mpaka leo ni mali ya umma. Mgeni kutoka nchi yoyote mwenye kiwango cha mchezo kinachotakiwa aweza kutia jina lake katika kura na akabahatika kucheza hapo. Si wakfu kwa maana ya sheria yetu, lakini hukumbusha wakfu: ardhi iliyozuiliwa isiuzwe, ili manufaa yake yawafikie watu.

Basi mwenye kupanga safari hiyo na apange Jumapili moja awe St Andrews bila ya fimbo. Siku hiyo kwa desturi hapachezwi. Atawakuta wazee, watoto na mbwa wao wakitembea juu ya nyasi za bingwa, hapana anayewauliza. Kisha akirudi nyumbani, na apite Makadara na Mama Ngina, aulize ni nani anayevitunza viwanja vyetu vya wazi, na kwa ajili ya nani.