Maisha ya Luteni Henry Flipper

Henry Ossian Flipper alizaliwa mwaka 1856 katika mji wa Thomasville, Georgia, nchini Marekani. Wazazi wake walikuwa watumwa, na yeye pia alizaliwa mtumwa. Utumwa ulipokwisha mwaka 1865, alipata nafasi ya kusoma shuleni.

Mwaka 1873 aliingia chuo cha kijeshi cha West Point. Kabla yake hapakuwa na Mweusi hata mmoja aliyemaliza masomo hapo. Kwa miaka minne wanafunzi wenzake Wazungu hawakuzungumza naye ila kwa mambo ya kazi. Flipper alivumilia, akasoma, na mwaka 1877 akahitimu. Akapewa cheo cha luteni katika kikosi cha kumi cha wapanda farasi, ambacho askari wake walikuwa Weusi.

Katika ngome ya Fort Sill maji yaliyotuama yalileta malaria. Flipper alipima ardhi, akachimbisha mfereji, na maji yakaondoka. Mfereji huo unaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Baadaye, katika ngome ya Fort Davis, Texas, alikuwa mtunza chakula na fedha zake. Mwaka 1881 aligundua kuwa fedha zimepungua. Akaogopa kumwambia mkuu wake, Kanali William Shafter. Akadanganya kwamba amekwisha zipeleka. Uongo ulipofichuka alikamatwa. Rafiki zake wa mjini walichanga fedha, na upungufu ukalipwa. Mahakama ya kijeshi ilimwona hana hatia ya wizi, lakini ikamhukumu kwa mwenendo usiomfaa afisa. Mwaka 1882 akafukuzwa jeshini, adhabu iliyozidi kosa lake.

Flipper hakukaa kulia. Akawa mhandisi na mpima ardhi, akafanya kazi Mexico na Venezuela, huku akiomba mara kwa mara jina lake lisafishwe. Alifariki mwaka 1940 bila kupata jibu jema. Mwaka 1976 jeshi liliibadili hukumu, ikahesabiwa kuwa aliondoka kwa heshima. Na mwaka 1999 Rais Bill Clinton akamsamehe.

Wanafunzi wenzangu, miaka minne ya kunyamaziwa haikumshinda Flipper. Woga wa siku chache ndio uliomponza. Waliomhukumu hawakuwa wa haki, lakini uongo wake ndio uliowapa fimbo ya kumpigia. Basi tukikosea, tuseme mapema.